Usaili wa Kujiunga na Chuo cha Udaktari: Maswali Ninayoulizwa Tanga Kila Msimu

Nilifundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi. Siku hizi Jumamosi asubuhi nakaa maktaba ya mkoa, hapa Tanga mjini, na vijana wanaojiandaa na usaili wa vyuo vya udaktari, wengi wao vya nje ya nchi. Maswali yao yanafanana mwaka hadi mwaka. Nimeyaandika hapa ili aliyeko Lushoto, Handeni au Pangani asilazimike kupanda basi kuja kuyauliza.

## Mambo ya mwanzo

1. Je, ni lazima nifanyiwe usaili ndipo nisome udaktari?

Kwa vyuo vya nyumbani, kwa kawaida hapana. Muhimbili, KCMC kule Moshi, Bugando kule Mwanza na vinginevyo huchagua waombaji wa shahada ya kwanza kwa alama za kidato cha sita, kwa kufuata vigezo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Fizikia, Kemia na Baiolojia ndizo zitakazokubeba. Kama shabaha yako ni huko, funga ukurasa huu urudi kwenye Kemia yako, nami sitakulaumu.

Usaili unakuja ukiomba Uingereza, Ireland, Australia na kwingineko. Unakuja pia kwenye ufadhili: ule wa serikali ya Uturuki, kwa mfano, huwaita kwenye usaili waombaji waliopita mchujo wa kwanza. Marekani ni habari nyingine, na Kanada kwa sehemu kubwa vilevile, maana kule udaktari husomwa baada ya kumaliza shahada ya kwanza.

Kabla hujalipa ada yoyote ya maombi, kiandikie chuo uulize jambo moja: je, mnapokea cheti cha kidato cha sita cha NECTA kwa kozi ya udaktari, au mnataka mwaka wa matayarisho kwanza? Majibu yanatofautiana chuo kwa chuo. Nimeona watoto wazuri wakitumia miezi sita kujiandaa na usaili wa chuo ambacho kisingewapokea hata wangepata A tatu.

2. Usaili wenyewe unakuwaje?

Kuna namna mbili kubwa. Ya kwanza ni jopo: watu wawili au watatu wanakaa mbele yako, mnaongea kama nusu saa. Oxford na Cambridge wana jopo la aina yao, la kitaaluma zaidi. Watakupa grafu usiyoijua au picha ya mfupa, kisha watakuuliza unaona nini. Wanataka kusikia akili yako ikifanya kazi kwa sauti.

Ya pili ni usaili wa vituo, maarufu kwa kifupi cha MMI. Ulianzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa ndio unaotumiwa na vyuo vingi vya Uingereza. Unazunguka vituo sita, nane au kumi. Mlangoni pa kila kituo kuna karatasi yenye kisa. Unapewa dakika moja au mbili kuisoma, kengele inalia, unaingia, unakaa dakika tano hadi nane, kengele inalia tena, unatoka. Kituo kimoja ni cha maadili, kingine cha mwigizaji anayejifanya mgonjwa mwenye hasira, kingine cha hesabu za dozi, kingine cha kueleza jambo kwa maneno mepesi.

Shika hili: kila kituo kina msaili wake. Ukiharibu cha tatu, wa cha nne hajui chochote. Vijana wengi hawaangushwi na kituo kibaya, bali na kile wanachoingia wakiwa bado wanakisikitikia kilichopita. Zoea kuvuta pumzi mlangoni.

3. Nianze lini?

Kwa Uingereza kalenda haibembelezi. Maombi ya udaktari kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, hufungwa tarehe 15 Oktoba ya mwaka unaotangulia ule wa kuanza masomo, na unaruhusiwa vyuo vinne tu vya udaktari. Mtihani wa UCAT, ule wa kupima uwezo wa kufikiri kwa wanaoomba udaktari, hufanyika kati ya Julai na Septemba, na matokeo yake ni ya msimu huo tu. Usaili huanza karibu na Desemba, huendelea hadi Machi.

Sasa weka kalenda yetu juu yake. Mei unamaliza mtihani wa kidato cha sita. Kisha unaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na hapo unakuwa kambini wakati uleule UCAT inafanyika. Ndiyo maana nasema anza kidato cha tano. Mazoezi ya UCAT yafanyike kabla ya kambi, na tarehe ya mtihani ichaguliwe ya mwishoni mwa msimu.

Na mkikuta vitabu vya BMAT, mtihani mwingine wa kuombea udaktari, vinauzwa mitumba, viacheni. Mtihani huo ulifanyika mara ya mwisho 2023, hautumiki tena.

4. Wanapima nini hasa?

Alama zako wameshaziona. Wanachotafuta ni kile ambacho cheti hakionyeshi: kama unasikiliza, kama unaweza kupanga hoja mbele ya mtu, kama unasema kweli hata ikikugharimu, na kama unaijua kazi hii pamoja na uchovu wake. Mtu anayeudhika akipingwa huonekana haraka, na anayemfikiria mwenzake huonekana vilevile.

## Kujiandaa

5. "Kwa nini unataka kuwa daktari?" Nijibuje bila kusema kile kila mtu anasema?

Nitakaa hapa kidogo, maana ndilo swali linaloharibiwa zaidi.

Kila mwaka najibiwa: "Tangu utotoni napenda kusaidia watu." Namwuliza: muuguzi hasaidii? Mzimamoto? Fundi wa kisima je? Hapo kimya. Si kwamba mtoto anadanganya. Ni kwamba ameficha sababu yake ya kweli chini ya sentensi aliyoisikia kwa wengine.

Binti mmoja wa Makorora alinijibu hivyohivyo. Nikamwomba aniambie mara ya mwisho alipokuwa zahanati alikuwa amekwenda kufanya nini. Akasema anampeleka bibi yake kufunga kidonda cha mguu, bibi ana kisukari. Nikamwuliza: uliona nini? Akafikiri, akasema: "Nesi alikuwa anaifungua bandeji, anainusa kwanza, ndipo anaitupa. Siku moja aliinusa, akaacha kila kitu akaenda kumwita daktari." Binti alipomwuliza nesi kwa nini, akaambiwa kidonda kinachooza hujitangaza kwa harufu kabla jicho halijaona. Akarudi nyumbani akaanza kusoma kwa nini sukari nyingi kwenye damu huua hisia za miguu hata mtu akanyage mwiba asijue.

Hilo ndilo jibu lake. Ameona kitu, swali limemwingia, amelifuata, na mwishoni anaweza kueleza kwa nini anataka kuwa yule anayeitwa baada ya bandeji kunuswa. Hakuhitaji neno "ndoto" hata mara moja.

Chako unacho. Huenda hujakiona kwa sababu ni cha kila siku.

6. Sina ndugu hospitalini. Nitapata wapi uzoefu wa kazi?

Vyuo vingi havikudai ukae chumba cha upasuaji. Vinataka ujue watu wagonjwa na watu wanaowahudumia. Kumhudumia mzee nyumbani ni uzoefu. Kusaidia siku za kingatiba, wakati dawa za matende na mabusha zinapogawiwa mitaani, ni uzoefu, na kwa sisi watu wa pwani ni wa maana hasa, kwa kuwa ugonjwa huo tunaujua kwa majina ya wazee wetu. Zungumza na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, umwombe umfuate siku moja.

Ukitaka kuingia wodini Bombo au hospitali ya wilaya yako, peleka barua ya shule kwa mganga mfawidhi na ukubali akikataa. Usipenyezwe na mtu kwa mlango wa nyuma. Msaili akikuuliza ulipataje ruhusa ya kukaa na wagonjwa, unataka kuwa na jibu safi.

Andika daftari. Jioni ileile, mistari mitano: nilimwona nani (bila jina lake), nini kilinishangaza, nini sikukielewa. Baada ya miezi mitatu daftari hilo lina thamani kuliko kitabu chochote cha maandalizi.

7. Kiingereza changu kinakwama nikiongea. Nifanyeje?

Kwanza, lafudhi haina alama. Kinachohitajika ni kueleweka.

Njia yangu ni hii. Simulia kisa chako kwa Kiswahili kwanza, kwa mtu asiyesoma sayansi: shangazi, muuza mihogo, yeyote. Akielewa, kisa kimesimama. Ndipo ukisimulie kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi, bila kutafsiri neno kwa neno. Wengi hufikiri tatizo ni Kiingereza kumbe wazo lenyewe halijapangwa, na lingekwama hata kwa Kidigo.

Pili, punguza utangulizi. Sisi tumelelewa kwenye hafla ambako msemaji huanza na "Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu", kisha mgeni rasmi, kisha kamati. Ni adabu nzuri. Kwenye kituo cha dakika tano inakula dakika nzima. Salimu, tabasamu, ingia kwenye hoja.

8. Nifanye mazoezi na nani?

Na watu tofauti, hilo ndilo la msingi. Rafiki yako wa darasani anajua unachotaka kusema, kwa hiyo anakuelewa hata usipoeleweka. Tafuta mwalimu, mtu wa msikitini au kanisani kwako, mfanyabiashara. Mpe karatasi ya maswali na saa. Mwambie akukatize na akupinge.

Jirekodi kwa simu mara moja kwa wiki. Inauma kujisikiliza, najua. Utagundua unasema "yaani" mara ishirini, au sauti yako inazama mwisho wa kila sentensi.

9. Je, nikariri majibu?

Hapana. Kariri visa, usikariri maneno. Kuwa na visa vitano au sita vya kweli maishani mwako, kila kimoja ukijue ndani nje, na ujue kinaweza kujibu maswali gani. Kile cha kidonda cha bibi (swali la 5) kinajibu "kwa nini udaktari", kinajibu "kazi ya pamoja hospitalini", kinajibu hata "eleza kisukari kwa mtu asiyesoma". Jibu lililokaririwa hujulikana kwa macho: yanapanda juu darini kulitafuta.

10. Nisome nini kuhusu utafiti na habari za afya?

Usianze mbali. Mkoa huu una historia ya utafiti ambayo wengi wetu tunaipita barabarani bila kuitazama. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti 1902, na baadaye kikawa cha malaria. Korogwe, sawa na Bagamoyo, ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S, ile ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto Oktoba 2021. Uwe tayari kueleza kwamba inapunguza malaria lakini haiimalizi, kwa hiyo chandarua kinabaki kitandani.

Ninaoupenda zaidi ni utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011. Ulihusisha watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Kituo cha Tanzania kilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mwongozo wa wakati ule ulisema mtoto kama huyo amiminiwe maji ya mshipani kwa kasi. Ina mantiki kabisa: mzunguko umedhoofika, jaza maji. Matokeo yalikuwa kinyume. Kati ya waliomiminiwa kwa kasi walikufa kama 10.5 kwa kila 100 ndani ya saa 48, na kati ya wasiomiminiwa hivyo, 7.3.

Soma tena tarakimu hizo. Jambo ambalo kila daktari mwema angelifanya kwa huruma lilikuwa linaua watoto, na hakuna aliyejua mpaka walipopima. Ukiweza kulieleza hilo kwa utulivu, na kueleza kwa nini ilikuwa sahihi kimaadili kuuliza swali ambalo lilionekana limeshajibiwa, umemwonyesha msaili kwamba unaelewa sayansi ni nini.

## Vituo vigumu

11. Maswali ya maadili yana jibu sahihi?

Mara nyingi hayana moja, ila yapo majibu mabaya: yale ya haraka. Mihimili minne inasaidia kupanga mawazo: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki kwa wote. Usiitaje kama shairi. Itumie kujiuliza nani anaguswa na kwa namna gani.

Mfano unaowasumbua sana vijana wetu: binti wa miaka 15 anamwomba daktari njia ya uzazi wa mpango, na hataki mama yake ajue. Kwetu jibu la kwanza mdomoni ni "mwite mama". Lakini kwa Uingereza, tangu uamuzi wa mahakama ya juu kabisa ya huko wa 1985 katika kesi ya Gillick, aliye chini ya miaka 16 akiwa na uelewa wa kutosha anaweza kuridhia tiba mwenyewe. Siwaambii mfiche malezi yenu. Nawaambia mjue sheria ya mahali mnakoomba, kisha mfikirie: je, yuko salama? Kuna mtu mzima anamlazimisha? Anaelewa anachoomba? Je, anaweza kushawishiwa azungumze na mama mwenyewe? Anayeuliza hayo kwa kumjali binti husikilizwa, hata kama ametoka nyumba yenye msimamo mkali.

12. Kituo cha mwigizaji nitakifanyia mazoezi vipi?

Kwa mbuzi. Jirani yako amesafiri kwenda arusini Mombasa, amekuachia mbuzi wake. Ulisahau kufunga lango, mbuzi katoka, kagongwa na gari, kafa. Jirani amerudi, ana furaha, amekuletea halua. Mwambie.

Tunalifanya zoezi hili kwa Kiswahili kwanza, na karibu wote hukosea palepale. Wanazunguka: "kuna tatizo kidogo limetokea", "mbuzi hayupo tena". Jirani anauliza: "Hayupo, kaenda wapi?" Au wanakimbilia kulipa kabla mwenzao hajapokea habari yenyewe.

Lakini sisi tunajua kupeleka msiba. Hakuna anayemtangazia mtu kifo akiwa kasimama barabarani. Anakalishwa kwanza, anaandaliwa kwa neno moja, anaambiwa wazi, kisha watu wananyamaza naye. Fanya hivyohivyo. Mkalishe. "Nina habari mbaya kuhusu mbuzi wako. Amekufa." Nyamaza. Acha alie au akasirike. Kubali kosa lako bila kisingizio: lango niliacha wazi mimi. Fidia inakuja mwisho, akiuliza.

13. Wakiniuliza udhaifu wangu au kushindwa kwangu?

Taja udhaifu wa kweli ambao umeshaanza kuushughulikia, na useme umefanya nini. "Ninajituma kupita kiasi" kila msaili ameshaisikia. Kufeli jaribio la Fizikia kwa sababu uliona haya kumwuliza mwalimu, kisha ukaanzisha kikundi cha kujisomea, ni jibu linaloaminika.

14. Nikikwama kabisa?

Sema: naomba muda kidogo nifikiri. Sekunde kumi za kimya huonekana ndefu kwako, si kwao. Hujui jibu? Sema hujui, kisha sema ungelitafuta vipi. Daktari anayebuni jibu ni hatari kwa mgonjwa, na wao wanalikumbuka hilo wakikutazama.

15. Nimefundishwa kutomtazama mkubwa machoni na kutojisifu. Je, itanidhuru?

Inaweza, usipoijua. Kuinamisha macho kwetu ni heshima. Msaili wa Leeds au Dublin anaweza kuiona kama hofu. Si lazima umkodolee. Tazama uso wake anapoongea, na unapoanza na kumaliza jibu lako.

Kujisifu ni gumu zaidi. Vijana wetu husema "tulifanya usafi wa kituo cha afya", "tulichangisha fedha". Msaili anabaki hajui wewe ulifanya lipi. Sema: tulikuwa kumi na wawili, mimi nilishika orodha ya vifaa na nikaenda kuomba fagio kwa mwenyekiti wa mtaa. Huko si kujikweza. Unamtajia tu kilichopita mikononi mwako, na wenzako umewapa haki yao.

16. Niseme nini kuhusu waganga wa kienyeji?

Sema ulichokiona, kwa heshima. Kijana mmoja wa Pongwe alisimulia mtoto wa jirani aliyeshikwa na degedege. Bibi wa mtoto alikataa asipelekwe hospitali: "Sindano itamwua." Kijana alipoanza kusimulia alikuwa anacheka. Nikamsimamisha. Nikamwuliza: bibi huyo amezika wangapi?

Akaenda kuuliza. Kumbe miaka ya nyuma bibi alikuwa ameona watoto wakipelekwa siku ya pili au ya tatu, wameshachoka na malaria ya kichwani, wanachomwa sindano na kufa palepale. Alichounganisha, sindano na kifo, alikiona kwa macho yake. Hakuwa mjinga. Alikosa tu kipande kimoja, kwamba kilichoua ni kuchelewa. Aliyewahi kukaa na bibi kama huyo, akajua kwamba kumshawishi kunaanza na kukubali alichokiona, ana kisa ambacho mwombaji wa London hana.

## Siku yenyewe

17. Saa ya usaili imeandikwa 09:00. Ni saa ngapi kwetu?

Wakati wa baridi Uingereza iko nyuma yetu saa tatu, wakati wa kiangazi saa mbili. Hubadilika Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya mwisho ya Machi. Kwa hiyo 09:00 ya Januari kule ni 12:00 hapa, yaani saa sita mchana.

Nasisitiza kwa sababu kijana mmoja aliandika "saa 9" ukutani kwa chaki. Nyumba nzima ikaelewa saa tisa alasiri, naye mwenyewe akaanza kuamini. Saa tano na nusu asubuhi yuko na ndala, anachota maji, binamu yake akaomba aone ile barua pepe. Alifanya usaili shati likiwa halijakauka begani. Andika namna zote mbili, kwa tarakimu na kwa Kiswahili, pamoja na neno "Tanga" mbele yake.

18. Umeme au intaneti vikikatika?

Kompyuta iwe imejaa chaji, simu imejaa, pawabenki pembeni. Kuwa na laini mbili za mitandao tofauti, zote zina bando. Jaribu simu ya video siku iliyotangulia, saa ileile, chumba kilekile. Hapo ndipo utakapogundua kuwa fundi wa kuchomelea jirani huanza kazi saa hiyo.

Mwanzoni waambie wasaili kwamba ukipotea utarudi baada ya dakika moja kwa simu. Iandike namba yao ya dharura kwenye karatasi, kwa maana kompyuta ikizimika huwezi kuisoma.

19. Nivae nini?

Nguo safi, za staha, ulizoshawahi kuzivaa. Hijabu haina shida yoyote.

20. Usaili umeangukia Ijumaa mchana, au ndani ya Ramadhani.

Andika mapema, siku ileile ulipopata mwaliko, uombe muda mwingine na ueleze sababu kwa sentensi mbili. Maombi ya namna hii hupokelewa vizuri yakija mapema, na vibaya yakija usiku wa kuamkia usaili. Ramadhani ya miaka hii inaanguka ndani ya msimu wa usaili, Februari na Machi. Kama unafunga, omba nafasi ya asubuhi ya huko: 09:00 yao bado una nguvu, lakini 14:00 yao ni saa kumi na moja jioni kwako, koo limekauka na mapishi ya futari yananukia dirishani.

## Hali za pekee

21. Wakala anasema ana majibu ya usaili na nafasi ya uhakika. Nimlipe?

Usimlipe. Hakuna wakala anayeweza kukuhakikishia kiti cha udaktari kwenye chuo chenye usaili wa kweli. Familia moja ninayoifahamu iliuza kipande cha shamba la minazi kulipia "maswali 50 na majibu yake". Usaili ulifanyika kwa simu ya mkononi, ukadumu dakika sita, na mwenye kuuliza hakuwa mtu wa chuo chochote. Mtoto yule alikuwa na akili ya kuingia kwa haki yake. Mpaka leo nikipita nyumbani kwao roho inaniuma.

Mwaliko wa kweli unaonekana ndani ya akaunti yako mwenyewe ya maombi, na barua pepe inatoka kwenye anwani ya chuo. Ukiwa na shaka, chukua namba kwenye tovuti ya chuo, upige mwenyewe.

22. Wazazi ndio wanaotaka niwe daktari. Niseme?

Wasaili huuliza hilo. Ukweli unaruhusiwa: baba ndiye aliyeanza kulitaja, nikaenda kuangalia mwenyewe, nikaona hivi. Kama baada ya kuangalia hukuona kitu, ongea na wazazi kabla ya kuongea na wasaili. Mtafute mjomba au mwalimu akusindikize kwenye mazungumzo hayo.

23. Nina kigugumizi.

Kiandikie chuo kabla. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inavitaka vyuo vifanye marekebisho yanayofaa, na muda wa ziada kwa kila kituo ni mojawapo ya yanayoweza kuombwa. Hutahesabiwa kwa mwendo wa maneno.

24. Nimekataliwa. Je, ndiyo mwisho?

La. Omba maelezo ya matokeo yako. Baadhi ya vyuo hutoa alama za kila kituo. Unaweza kuomba tena mwaka unaofuata, lakini UCAT utaifanya upya (swali la 3). Mwaka huo usikae bure: hapa nyumbani omba MD (shahada ya udaktari) au stashahada ya tabibu, na wengi wakishaanza huku hawatamani tena kuondoka. Daktari aliyesomea Moshi au Mwanza anamtibu mtoto wa Muheza sawasawa na aliyesomea Edinburgh.

25. Nikisomea nje, nitaruhusiwa kufanya kazi Tanzania?

Utahitaji TCU itambue shahada yako, na usajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lina masharti yake ya mtihani na mafunzo ya vitendo kwa waliosoma nje. Ulizia ofisi zote mbili kuhusu chuo unachokilenga sasa hivi, kabla ya usaili, na uweke majibu yao ya maandishi kwenye faili moja na cheti chako cha kuzaliwa.